Umeme wa jua kwenye pikapu ya kambi: anza na friji, paneli baadaye

Anayetaka kufunga sola kwenye pikapu ya kambi huwa anaanza kwa kuuliza anunue paneli ya wati ngapi. Kabla ya hapo kuna swali linalobeba hesabu yote: gari litasimama kwa muda gani? Hilux yenye kanopi inayotoka Arusha asubuhi, ikalala Karatu, kesho yake ikashuka Serengeti, inatembea saa nne hadi sita kila siku, na alteneta yake (inayochaji betri injini ikiwaka) peke yake inaweza kulisha karibu kila kitu kilichomo nyuma. Gari hilohilo likiegeshwa siku tano Pangani kando ya bahari, alteneta haina kazi tena na jua ndilo linalobeba mzigo. (Na lisiegeshwe chini ya mnazi. Kivuli ni sababu ya kwanza, nazi ni ya pili.) Kwa hiyo andika kwanza safari zako za kawaida zilivyo, ndipo uende dukani.

Baada ya ratiba, friji. Taa za LED, simu, redio na pampu ndogo ya maji, ukivijumlisha vyote ni chenji tu. Friji ya kompresa ya volti 12 yenye ujazo wa lita 40 hadi 50 huvuta ampea 4 hadi 5 kompresa inapozunguka. Lushoto mwezi wa Julai inaweza kuzunguka robo tu ya muda. Dar es Salaam mwezi wa Februari, au Lodwar karibu mwezi wowote, kanopi ikiwa imefungwa kutwa juani, itazunguka nusu ya muda na kuzidi. Friji ni ileile, lakini kule inakula Ah 27 (ampea-saa, yaani ampea mara saa) kwa siku na huku Ah 54.

Ndiyo maana shilingi ya kwanza tunaitumia kupunguza njaa ya friji badala ya kuongeza paneli. Acha nafasi ya sentimita 8 hadi 10 upande wenye matundu ya kutolea joto. Friji iliyobanwa kati ya sanduku la vyombo na ukuta wa kanopi hupumua hewa yake yenyewe ya moto na kompresa haipumziki. Toboa tundu la hewa kwenye kanopi na uweke feni ndogo ya kompyuta ya volti 12; inakula wati 2 au 3 na inaokoa mara kadhaa ya hizo. Vesha friji koti lake la kuzuia joto. Ipoze nyumbani kwa umeme wa ukutani usiku wa kuamkia safari, ikiwa na vitu ndani, maana kupoza kreti ya soda za moto kwa betri mnapofika kambini ni kuanza safari na deni. Weka nyuzi 4 au 5, inatosha kwa maziwa, nyama ya siku mbili na vinywaji. Anayetaka kugandisha samaki kwa nyuzi 15 chini ya sifuri afanye hesabu nyingine kabisa.

Hesabu yenyewe iwe kwa Wh (wati-saa, yaani wati mara saa), kwa sababu vifaa vyako haviko kwenye volti moja. Chukua mfano wa watu wawili, pwani, msimu wa joto. Friji Ah 45, yaani takriban Wh 560. Taa tatu za wati 3 kwa saa nne, Wh 36. Simu, Wh 45. Laptop kuchajiwa mara moja, Wh 70. Feni ya wati 6 saa nane za usiku, Wh 48. Pampu ya maji 12, betri za kamera 20. Jumla Wh 791. Ukiongeza Starlink Mini, kifaa cha intaneti ya setilaiti, yenye kuvuta wati 30 kwa saa tano, unaongeza 150, unafika 941. Weka asilimia 15 ya umeme unaopotea njiani na kwenye vigeuzi, tuseme Wh 1,080 kwa siku.

Vitu viwili katika orodha hiyo huharibu mahesabu kimyakimya. Starlink ikiachwa imewashwa saa 24 inakula Wh 720, imeipita friji. Na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani: nyingi hula wati 8 hadi 15 zikiwa zimewashwa tu bila kuchaji chochote, kwa hiyo ikisahaulika siku nzima imekunywa Wh 200 na ushee bure. Ushauri wetu ni kuchaji kila kinachowezekana moja kwa moja kutoka volti 12. Laptop za siku hizi zinachajiwa kwa USB-C, na soketi ya gari ya USB-C yenye wati 65 au 100 inamaliza shida. Ukilazimika kuwa na inveta, nunua ndogo ya wati 300 hadi 500 ya wimbi safi na uiwekee swichi pale mkono unapofika. Birika la umeme liache nyumbani. Kuchemsha lita moja ya maji kunakula zaidi ya Wh 100, na inveta ya wati 1,500 inavuta karibu ampea 140 kutoka betri ya volti 12, jambo linalodai waya wa milimita za mraba 50. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unafanya kazi hiyo bila maneno.

Sasa betri. Betri ya asidi, hata ikiwa AGM nzuri ya Ah 100, usiishushe chini ya nusu mara kwa mara. Una Ah 50 za kutumia, yaani Wh 600, na umebeba karibu kilo 30. Lithiamu ya aina ya LiFePO4 ya Ah 100 ina Wh 1,280, unatumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza, na uzito wake ni kilo 10 hadi 13. Kwenye pikapu ambayo tayari imebeba kanopi, hema la juu, maji na dizeli, tofauti ya kilo hizo inahesabika. Betri ya N70 ya kuwashia gari usiifanye ya sola hata kama fundi anakuambia ni ileile: bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na kuishusha kila usiku kunaiua ndani ya miezi. Tena friji isiunganishwe kamwe na betri ya injini. Kambini porini, asubuhi gari lisipowaka, hakuna wa kukupa umeme.

Mizani ndiyo kipimo chepesi cha betri ya lithiamu dukani. Ah 100 za kweli hazishuki sana chini ya kilo 10, na Ah 200 huwa kama kilo 20. Ukipewa boksi limeandikwa Ah 200 na linanyanyuka kwa vidole viwili, kilichoandikwa siyo kilichomo. Paneli nazo zina kipimo chake, nacho ni futi ya mkononi. Paneli nzuri hutoa wati 200 hadi 220 kwa mita moja ya mraba. Pima urefu mara upana: paneli yenye mita 1.0 kwa 0.67 ina eneo la mita za mraba 0.67, haiwezi kuzidi wati 150, hata kibandiko cha nyuma kikisema 300.

Betri moja ya lithiamu ya Ah 100 katika mfano wetu inabeba siku moja tu bila chaji. Inatosha kwa mwenye kutembea kila siku. Anayesimama siku nyingi achukue Ah 200, kwa sababu ya mawingu. Masika ya Machi hadi Mei, na ule ubaridi wa Juni hadi Agosti kwenye nyanda za juu kama Nairobi au ukingo wa Ngorongoro, paneli chini ya wingu zito hutoa asilimia 10 hadi 25 tu ya uwezo wake. Siku mbili za hivyo mfululizo ni za kawaida. Ahueni ni kwamba baridi hiyohiyo inaipunguzia friji kazi.

Hapo ndipo alteneta inaporudi. Zamani tuliweka rilei ya kuunganisha betri mbili injini ikiwaka, na kwa betri za asidi kwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ mpango huo unafanya kazi hadi leo. Kwa lithiamu hapana. Betri hiyo haina ukinzani mwingi ndani, inapokea kila inachopewa, na alteneta ya ampea 80 ikilazimishwa kutoa karibu zote kwa saa nzima, gari likienda polepole kwenye mchanga, inapata moto mpaka inaungua. Magari mapya nayo yana alteneta zinazoshusha volti zenyewe ili kubana mafuta, hivyo betri ya nyuma haijai hata ukiendesha kutwa. Dawa ya mambo yote mawili ni chaja ya DC-DC, boksi linalopokea umeme wa alteneta, likaupandisha hadi volti zinazotakiwa, na kuuwekea kikomo. Ya ampea 30 inatosha kwa Ah 100 hadi 200. Saa moja ya kuendesha inakupa takriban Wh 400, kwa hiyo saa tatu barabarani zimelipa matumizi ya siku nzima. Mwenye safari za aina ya Arusha–Serengeti anaweza kuanza na chaja hii peke yake, paneli akaongeza baadaye. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu paneli inaonekana na chaja haionekani.

Kabla ya kuagiza chochote, fungua boneti upime volti. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizoingizwa kutoka Japani ni za volti 24, zina betri mbili mbele, na Canter pia ni 24. Chaja ya kuingia volti 12 ukiifunga hapo unaiunguza siku hiyohiyo.

Kwenye paneli, sisi wa huku tuna bahati ya mahali. Vitabu vya Ulaya vinasisitiza kuinamisha paneli kuelekea kusini; achana navyo. Arusha iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, Dar es Salaam karibu 7. Jua la adhuhuri huwa karibu na utosi, na hata Juni, Dar, linapokuwa limeinama nyuzi 30 hivi upande wa kaskazini, paneli iliyolala hupoteza kama asilimia 13 tu wakati huo wa mchana. Ilaze juu ya kanopi, iwe na mwinamo kidogo tu wa kuteremsha maji na vumbi.

Kinachotula sisi ni joto. Wati zilizoandikwa zimepimwa seli zikiwa na nyuzi 25; juu ya bati la gari mchana zinafika 65 hadi 70, na kila nyuzi moja inayozidi inakata karibu asilimia 0.35 hadi 0.4. Umeshapoteza asilimia 15 kabla ya vumbi na waya. Ndiyo maana paneli inainuliwa sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye paa ili upepo upite chini, na ndiyo maana paneli zile nyembamba za kupinda, zinazogundishwa moja kwa moja kwenye paa, hatuzipendekezi: zinapikwa kutoka chini, na seli zinapasuka nyufa zisizoonekana kwa mtikisiko. Kwa hesabu, chukua wati za paneli, zidisha kwa saa 5 za jua, kisha kwa 0.7. Wati 300 zinakupa Wh 1,050, karibu sawa na ule mfano wetu. Msimu wa mawingu tumia saa 3.5 badala ya 5.

Paneli za nyumbani za wati 400 ni rahisi kwa kila wati kuliko zile ndogo za magari, ila nyingi zina urefu wa mita 1.7 kwa upana wa mita 1.13 na kilo zaidi ya 20. Kwenye keria ndefu ya Land Cruiser inakaa. Kwenye kanopi ya pikapu ya milango minne inaning'inia, na kioo kikubwa hivyo kikitikiswa hupinda katikati. Paneli mbili za wati 150 ndizo zinazokaa vizuri. Zikiunganishwa mfululizo, volti zake wazi (zikiwa hazijaunganishwa na kitu) ni kama 44, chini ya kikomo cha kontrola (kifaa kinachopanga chaji kati ya paneli na betri) ya volti 75 au 100. Tatu mfululizo zinakaribia volti 70, na asubuhi ya baridi volti hupanda, kwa hiyo kontrola ya 75 haifai hapo. Kontrola iwe ya MPPT, aina inayotafuta yenyewe volti ambazo paneli inatoa nguvu nyingi zaidi. Kwa wati 300 ukitumia Victron, ile ya 100/20 (volti 100, ampea 20) inakaribia kutosha na 100/30 inatosha kwa nafasi.

Kivuli ni adui asiyeheshimiwa. Debe la maji kwenye keria, antena ya redio, ukingo wa hema lililofunguliwa: kivuli cha upana wa mkono kikilala juu ya mstari wa seli kinaweza kuangusha theluthi ya paneli au zaidi. Na mtu kambini anatafuta mgunga wa kuegesha chini yake, kwa sababu yeye na friji yake wanataka kivuli huku paneli ikitaka jua. Kwa wanaosimama muda mrefu tunashauri wati 100 hadi 150 ziwe za kubebeka, na waya wa mita 8, soketi yake ikiwa imefungwa ubavuni mwa kanopi. Gari likae kivulini, paneli itolewe juani. Iingize ndani mnapoondoka kambini. Nyani hawajui bei yake.

Kazi nyingi tunazoitwa kurekebisha kosa lake liko kwenye waya. Mfano mmoja unatosha. Friji iko mita 5 kutoka betri, kwenda na kurudi ni mita 10, inavuta ampea 5. Fundi ametumia waya wa 1.5 uliobaki kwenye kazi ya nyumba. Ukinzani wake ni 0.0175 mara 10 gawa kwa 1.5, karibu omu 0.117, zidisha kwa ampea 5, umepoteza volti 0.58. Betri ya asidi yenye volti 12.2 alfajiri inafika kwenye friji ikiwa 11.6, friji inadhani betri imekwisha, inajizima, na mwenye gari anarudi kulalamika kwamba betri ni mbovu. Waya wa milimita za mraba 6 ungepoteza volti 0.15 tu. Kwa hiyo: friji 6, paneli hadi kontrola 4 au 6, chaja ya DC-DC kutoka mbele 16 kwa umbali wa mita 5. Soketi ya kiberiti cha sigara ni adui mwingine wa friji. Inalegea, inapata moto, inayeyuka. Weka plagi ya Anderson ya ampea 50.

Kwangua ncha ya waya kabla ya kulipa. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa, inapitisha umeme kidogo na inakatika kwa mtikisiko. Lagi, vile vichwa vya chuma vya ncha za waya, zibanwe kwa koleo la haidroli, siyo kwa nyundo, na usitegemee risasi ya kulehemu peke yake: huufanya waya uwe mgumu pale inapoishia, na barabara ya Naabi ya kuingia Serengeti ikishaukoroga wiki moja unakatikia hapohapo. Fyuzi kuu iwe ndani ya sentimita 20 kutoka tamino chanya ya betri. Waya wa chaja ya DC-DC uwe na fyuzi ncha zote mbili, ampea 50 au 60, kwa sababu una betri kila upande. Ukichubuka katikati ya chesi, shoti inalishwa kutoka pande zote.

Paneli zifungwe kwa reli za aluminiamu na bolti za chuma cha pua zenye nati za kujifunga, washa pana chini ya kanopi ya faiba. Baada ya kilomita 200 za kwanza za changarawe panda juu uzikaze tena zote. Waya unapoingia ndani upite kwenye kisanduku kilichozibwa kwa Sikaflex, ukiwa umefanya kitanzi kinachoning'inia nje ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kufika tunduni. Kama paa ni la kunyanyuka, kitanzi kiwe kirefu cha kutosha paa likiwa juu kabisa, na kumbuka kilo za paneli zinaongezeka kwenye zile shokapu za gesi zinazolinyanyua.

Kuwasha kuna utaratibu. Kontrola iunganishwe na betri kwanza, paneli baadaye. Kufungua ni kinyume chake. Kontrola hutambua kama iko kwenye 12 au 24 kwa kuitazama betri, ikikutana na paneli kabla ya betri inaweza kujipanga vibaya au kuungua. Kwa LiFePO4 weka chaji ya volti 14.2 hadi 14.4, ya kutulia betri ikishajaa 13.5, zima usawazishaji (chaji ya volti za juu ya kusawazisha seli za asidi), zima fidia ya joto (kubadilisha volti kufuata joto). Ukiacha mpangilio wa betri ya asidi, usawazishaji wa volti 15 na zaidi utailazimisha BMS, mlinzi wa ndani wa betri, kukata. Betri ya lithiamu isikae chini ya boneti. Joto la injini ni kubwa kuliko inavyovumilia.

Usisome hali ya lithiamu kwa volti. Kati ya asilimia 40 na 70 volti hukaa karibu 13.2, hazisogei. Funga shanti, kifaa kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka kwenye betri, na hakikisha kila waya hasi, wa friji, wa kontrola, wa chaja, unapita upande wa mizigo wa shanti. Waya mmoja hasi ukiwekwa moja kwa moja kwenye betri, shanti haiuoni, na skrini itakuambia asilimia 80 wakati betri inakaribia kuzima.

Jaribio lifanyike nyumbani, gari likiwa juani bila kuwashwa, siku mbili, friji ikiwa na mzigo wake halisi. Jioni ya kwanza andika asilimia, alfajiri andika tena, saa sita mchana pima ampea zinazoingia. Paneli za wati 300 zikiwa safi na jua liko juu, betri ikiwa bado haijajaa, zitoe ampea 15 hadi 18. Ukiona 8, tafuta paneli moja isiyofanya kazi au kiungo cha MC4 (plagi ya waya za paneli) kisichoingia mpaka kikalia. Wakati huohuo shika kila lagi kwa mkono: iliyo na moto haikubanwa vizuri. Kwenye kisanduku cha spea weka fyuzi za kila aina uliyotumia, jozi mbili za MC4, mita 3 za waya wa 6, lagi, mita ya kupimia, na kitambaa cha kufutia vumbi. Paneli ifutwe asubuhi kabla haijapata moto. Maji baridi juu ya kioo cha nyuzi 65 ni njia ya kukipasua.